Zimwi la Philomène Vaissade

Katika kazi ya kutunga maneno ya opera hapa Paris, kuna kitu ambacho watu wa ukumbini hukiita zimwi. Mtunzi wa muziki akipata tuni kabla ya kupata maneno, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, huijaza tuni hiyo maneno yoyote yasiyo na maana, ili mradi mizani itimie na mkazo uangukie panapostahili. Karatasi hiyo ya upuuzi, ndiyo zimwi lenyewe, hupelekwa kwa mtunzi wa maneno, naye huuondoa upuuzi na kuweka shairi mahali pake, silabi kwa silabi. Watazamaji hawalijui zimwi, wala hawana haja ya kulijua.

Philomène Vaissade aliua mazimwi kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sifa ya uwindaji ilikwenda kwa mtu mwingine. Wachache waliowahi kuliandika jambo hili wameliandika kwa huruma. Huruma hakuiomba. Alichokiomba kilikuwa kidogo zaidi ya hapo na kigumu zaidi, na nitakieleza kwa utaratibu kadiri hasira itakavyoniruhusu.

Baba yake, mzee Vaissade, alikuwa mnong'onezaji katika Jumba la Madaraja Mawili, ukumbi wa opera nyepesi usiokuwapo tena. Mnong'onezaji hukaa ndani ya shimo mbele ya jukwaa, kichwa chake kikiwa kimefunikwa na kikapu cha mbao, akiwatangulia waimbaji kwa maneno machache ili asiwepo atakayepotea. Mkewe, fundi wa kupiga pasi, alipougua kifua, mzee Vaissade alianza kwenda kazini na bintiye na kumkalisha chini, karibu na magoti yake. Kutoka shimoni mtoto huyo hakuona opera. Aliona viatu na pindo za magauni. Lakini alisikia kila mstari mara mbili, kwanza kwa baba na kisha kwa mwimbaji, na alijifunza jambo ambalo wengi wenye vyeo katika fani hii hufa bila kulijua, kwamba mstari uliozidi silabi moja humkaba mtu koo.

"Usisikilize maneno," baba yake alimwambia. "Sikiliza wanapovuta pumzi. Maneno yatakuja yenyewe hapo."

Aliolewa na Évariste Courtadon, karani wa ushuru wa mvinyo kule Bercy, mtu mpole mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kipaji kimoja halisi. Évariste alijua kujenga kisa. Alijua nani ajifiche katika kabati gani, mjomba arudi safarini lini, na barua ianguke miguuni mwa nani. Kipaji hicho si kidogo na sitakidharau. Lakini hakuwa na sikio. Mashairi yake yalichechemea, na watunzi wa muziki walimrudishia karatasi zikiwa zimejaa alama za hasira. Mwanzoni Philomène alirekebisha neno hapa na neno pale. Kisha akawa anarekebisha beti nzima. Baada ya mwaka wa pili wa ndoa, mume alileta kisa, mke akatunga kila mstari unaoimbwa, na juu ya mabango likabandikwa jina la Courtadon, peke yake. Hakuna aliyelipanga hivyo. Mambo ya namna hii hayahitaji mpangaji; hujipanga yenyewe upande ule ule kila mara.

Mwaka 1867 Jumba la Madaraja Mawili lilipokea opera fupi ya tendo moja, *Mjane wa Kinu*. Kisa kilikuwa cha Évariste, na kilikuwa kizuri: mke wa msaga unga, ambaye mumewe alichukuliwa vitani, anaitwa mjane na kijiji kizima, naye peke yake anakataa kuwa mjane. Muziki ulitungwa na Ferréol Darnaud, mtu wa Toulouse, mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi kukasirika, ambaye kila mtu ukumbini alimwita Mwalimu. Wimbo mkuu wa mjane aliutunga tuni kwanza, kisha akamtumia Courtadon zimwi lake.

Philomène alikuwa na njia yake. Zimwi la mtunzi wa muziki hakulitumia. Alisoma nota, akaimba tuni jikoni huku akifanya kazi, na kutunga zimwi lake mwenyewe kwa vitu vilivyokuwa mbele yake, mpaka tuni ikae kinywani. Ndipo alipoandika shairi. Asubuhi hiyo mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema:

*Leteni supu ya liki,*
*kabichi, chumvi na siki,*
*paka kalala kwa dhiki*
*juu ya kofia yangu.*

Na ya pili:

*Mlango sijaufunga,*
*mkate nimeutenga,*
*na unga sijauchunga,*
*nangoja kinuni hapa.*

Évariste, aliyekuwa amechelewa, alikunywa kahawa akiwa amesimama, akachukua karatasi moja na kuondoka. Hakuisoma. Hakuwa na desturi ya kuzisoma. Mnakili wa ukumbi, ambaye katika maisha yake alikwishanakili upuuzi wa kila aina kutoka kwa watu walioheshimika, hakuuliza kitu. Na mwimbaji, Zulma Périchet, alipopewa sehemu yake kwenye mazoezi, alisimama mbele ya jukwaa na kuiimba yote, kwa uchungu wa mwanamke aliyeachwa, mpaka kwenye kofia.

Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kucheka.

"Castagnac," aliita Lormier, mkurugenzi wa ukumbi, kutoka viti vya gizani. "Nimesikia siki?"

"Umesikia siki, Mkurugenzi," alijibu Castagnac, mwimbaji mkuu wa kiume, mwenye sauti ya besi. "Na paka yumo."

Darnaud aligeuka na fimbo yake ya kuongozea muziki. "Courtadon! Mumewe yuko vitani, kijiji kizima kimemzika, wewe unamwagizia kabichi?"

"Ni zimwi, Mwalimu," alisema Évariste. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Karatasi zimebadilishana."

"Basi tupe shairi lenyewe. Zulma kasimama hapo anangoja."

"Liko nyumbani."

"Kichwani halimo?" aliuliza Zulma.

"Bibi Périchet, mashairi yangu huwa siyahifadhi."

"Hata mstari wa kwanza? Basi tuanze na huo, mengine yatafuata."

Évariste aliangalia nota, akaangalia dari, kisha akasema neno ambalo naamini alilijutia kabla halijatoka lote mdomoni. "Mke wangu ndiye ananinakilia. Kachanganya karatasi. Mnajua mambo ya wanawake na jikoni."

Wanaume walicheka, na kwao jambo likaishia hapo. Zulma hakucheka. Kwa muda mrefu alikuwa ameona kwamba Bwana Courtadon hakuwahi kusahihisha mstari papo hapo. Ukimwomba abadilishe neno, alisema atalifikiria nyumbani, na kesho yake alilileta limekamilika, kama mkate kutoka kwa mwokaji. Alichukua kofia yake, akasema kwamba anakaa jirani na Mtaa wa Martyrs, waliko akina Courtadon, na atalifuata shairi mwenyewe.

Alimkuta Philomène anamenya viazi.

"Bibi Courtadon? Mimi Zulma Périchet. Nimekuja kuchukua shairi la mjane. Lile lisilo na kabichi."

Philomène alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Usiniambie. Kawapelekea zimwi?"

"Tumeliimba lote. Na nikwambie ukweli, linaimbika. Ila lile 'yangu' la mwisho linanifunga mdomo kwenye nota ya juu."

"Ndiyo maana kwenye shairi nimeweka 'hapa'. Utapata kuachama." Alisimama, akanyoosha mkono kwenye rafu, kisha mkono ukasita. "Na yeye? Alisemaje?"

Zulma alivua glavu moja. "Unataka nikwambie au nikufiche?"

"Niambie, dada yangu."

"Kasema wewe ni mnakili wake. Umechanganya karatasi."

"Mnakili."

"Ndilo neno lenyewe."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya Lormier, mbele ya Mwalimu, mbele ya mpiga ngoma. Mpiga ngoma keshawaambia nusu ya Paris saa hizi." Zulma aliketi bila kukaribishwa. "Mimi nakuuliza kwa ajili ya koo langu tu. Mashairi haya anatunga nani?"

"Mimi."

"Nilijua. Yule bwana hajawahi kunitazama nikivuta pumzi." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe nikaimbe."

"Sikupi," alisema Philomène. Alirudisha karatasi kwenye rafu, akaweka chungu cha chumvi juu yake.

Ni lazima niseme hapa alichokuwa anakitaka. Kwa desturi ya wakati ule, siku ya kwanza opera inapoonyeshwa, bango la mlangoni halina majina ya watunzi. Watazamaji huketi, husikiliza, na pazia likishashuka, kama kazi imewapendeza, hupiga kelele kutaka kujua ni ya nani. Hapo mwimbaji mkuu husonga mbele ya pazia, huinama mara tatu na kuyataja majina. Tangu dakika hiyo mtu ni mtunzi. Kabla ya hapo ni karani wa ushuru, au mke wa karani. Philomène alikuwa amelisikia jina la mumewe likitajwa mara nyingi kutoka kwenye roshani ya juu, na alipiga makofi kama wengine. Angeweza kuendelea kupiga makofi. Kunyamaziwa alikwisha kuzoea. Neno "mnakili" ndilo lililomshinda.

Évariste alirudi nyumbani kabla ya chakula.

"Nipe karatasi, Mène. Mwalimu anataka kunitafuna."

"Nitajwe."

"Utajwe wapi?"

"Pale Castagnac atakapowataja wengine."

Évariste alikaa kitini na koti lake. "Mke wangu, watu watanicheka."

"Leo walikuwa wanalia?"

"Nilisema vile kwa sababu nilibanwa."

"Najua. Ndiyo maana nakubana tena."

"Mimi kisa changu kizuri. Mwenyewe ulisema."

"Kizuri sana. Ndiyo nikasema, Courtadon abaki. Sikuondoi. Nasogea nikae karibu yako." Alimwekea sahani ya supu. "Na jina liwe Vaissade. Courtadon yupo tayari, wakisema Courtadon na Courtadon watadhani Castagnac ana kigugumizi."

Kwa siku kadhaa Évariste alijaribu kuandika wimbo wa mjane mwenyewe. Alifanya kazi kwa bidii, nakiri hilo. Zulma aliuimba mstari wake wa kwanza mpaka katikati, akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Bwana Courtadon, mstari huu una miguu mingi kuliko tandu."

"Ukivuta pumzi mapema, Bibi Périchet, utafika."

"Nikivuta pumzi mapema itakuwa kama namlilia mume wangu kaburini. Yuko vitani huyo, si maiti."

Darnaud, ambaye hakuwa mtetezi wa wanawake wala wa mtu yeyote ila wa tuni zake, ndiye aliyekwenda kwa Lormier. Hakwenda kwa ajili ya haki. Alikwenda kwa ajili ya nota ya juu. Mara nyingi haki hutufikia hivyo, imepanda nyuma ya gari la mtu mwingine, nasi hutakiwa kushukuru.

"Mwanamke?" alisema Lormier. "Nimtaje mwanamke mbele ya pazia langu? Magazeti yatasema nimeishiwa na wanaume."

"Yatasema nini mjane akiomba siki?"

Lormier alifikiri. "Anataka jina gani?"

"Vaissade."

"Vaissade tu?"

"Vaissade."

"Alaa. Kumbe jambo dogo," alisema Lormier, na akakubali kwa wepesi ambao ungepaswa kumtia mtu yeyote wasiwasi. Philomène aliletewa habari hiyo na Évariste, aliyekuja mbio na uso wa furaha ya kweli, maana alikuwa mtu anayependa nyumba ikiwa na amani. Philomène akatoa karatasi chini ya chungu cha chumvi. Zulma aliuimba wimbo alasiri ile ile, na Darnaud alijipangusa macho, akasema kuna vumbi.

Opera fupi hutangulia jioni kabla ya ile kubwa, wakati wenye nafasi zao bado wanakula, kwa hiyo roshani hujaa mapema na viti vya thamani huwa vitupu. Philomène alikaa roshani ya pili, mstari wa mbele, katika gauni la kijani alilolishona upya mikono. Évariste alikuwa katika chumba cha mkurugenzi, kilicho wazi kuelekea ukumbini kando ya jukwaa, pamoja na Lormier. *Mjane wa Kinu* ilikwenda vizuri tangu mwanzo. Watu walimcheka Castagnac, aliyeigiza msaga unga wa pili wa kijiji, alipojificha ndani ya gunia. Kisha Zulma alisimama mbele ya mlango ulio wazi, akaimba kwamba mlango hajaufunga, mkate ameutenga, na alipofika kwenye neno la mwisho aliachama, sauti ikatoka yote, ikapanda "hadi kwetu sisi wa juu", kama watu wa roshani walivyopenda kusema kila walipoisimulia jioni hiyo. Waliomba aurudie. Akaurudia.

Pazia lilishuka. "Mtunzi! Mtunzi!" walipiga kelele, na Castagnac akatoka, bado na unga usoni. Aliinama mara tatu.

"Mabibi na mabwana, opera ambayo tumepata heshima ya kuionyesha mbele yenu, maneno yake ni ya Mabwana Courtadon na Vaissade, na muziki ni wa Bwana Darnaud."

Mabwana. Castagnac alisema baadaye kwamba hakuagizwa na mtu. Alisema kanuni ni "Mabwana", kwamba aliikuta hivyo na angeiacha hivyo, na kwamba ulimi wake ulikuwa umeisema mara nyingi kiasi cha kuweza kuisema ukiwa peke yake. Lormier alisema aliombwa jina, na jina lilitajwa. Nawaamini wote wawili, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Kama kungekuwa na hila, mtu angeweza kuifichua. Lakini hapakuwa na hila. Palikuwa na sentensi tu, na katika sentensi hiyo hapakuwa na mahali pa kumweka mwanamke, kwa hiyo ilimgeuza mwanamume ili apite.

Courtadon walimjua. Vaissade alikuwa mpya, na watu wa ukumbini hupenda kipya. "Vaissade! Vaissade!" walianza kuita, wakigonga sakafu kwa viatu na fimbo. Évariste alisimama chumbani mwa mkurugenzi, akainama kwa niaba ya Vaissade. Hawakutosheka. Alinyanyua macho hadi roshani ya pili, akamwona mkewe, naye mkewe akamwona. Walitazamana kitambo. Kisha Évariste alikunjua mikono yake miwili mbele ya umati, kama mwenye nyumba anayeomba radhi kwamba mgeni hakufika.

Philomène alisimama.

Mwanamume aliyekaa nyuma yake, mwenye machungwa ndani ya kofia, alimgusa bega. "Bibi, keti tafadhali. Tunamtafuta Bwana Vaissade."

"Mmempata."

"Yuko wapi?"

"Mbele yako."

"Mama, wacha utani, unatuziba."

"Basi sogea kando utaona vizuri."

"Jamani, huyu mama kalewa," alisema mtu mwingine, na mkewe akamwambia anyamaze, amwache mwanamke mwenzake. Mwanamke wa milangoni, yule anayeonyesha watu viti vyao, alikuja na kumsihi kwa upole aketi, kwamba watu wanalalamika. Philomène alimjibu kwa upole huo huo kwamba hana nia ya kumsumbua, ila ameitwa. Kule chini Zulma alikuwa bado mbele ya pazia. Aliinua kichwa, akaliona gauni la kijani limesimama peke yake kati ya watu walioketi, akaliinamia polepole, mpaka goti likagusa jukwaa, kama waimbaji wanavyowainamia watunzi na si mtu mwingine. Wengi walidhani anamsalimia mama yake. Philomène alisimama mpaka taa za opera kubwa zilipopunguzwa.

Gazeti moja la asubuhi lilimsifu Bwana Vaissade kwa "kalamu yake ya kiume". Jingine lilitaja mwanamke aliyefanya vurugu roshanini. Katika orodha za opera za wakati ule, ambazo wanafunzi wetu bado wanafundishwa kuzitegemea, *Mjane wa Kinu* imeandikwa kuwa ya Courtadon na Bw. Vaissade, na msomi mmoja wa siku hizi ametumia kurasa nzima kukisia kwamba Bwana huyo huenda alikuwa ofisa wa jeshi. Nimemwandikia. Hajajibu.

Siku mbili baadaye Évariste alirudi kutoka ukumbini na kuweka kofia mezani.

"Lormier anataka nyingine," alisema. "Ya matendo matatu mazima. Nyumba inajaa kila siku. Kasema, kwa utani, nikamtafute Bwana Vaissade popote alipo."

Philomène alikuwa anakata mkate. "Mwambie Bwana Vaissade amekufa."

"Mène."

"Kafa roshani ya pili. Watu wengi wameona."

"Nilikosea pale. Mikono ilikwenda yenyewe."

"Castagnac ulimi, wewe mikono. Jumba lile lina watu wenye viungo vyenye akili zao." Alimkatia kipande, akakisukuma upande wake. "Kula."

"Sasa nani ataandika?"

"Yuko Bibi Vaissade. Anayemhitaji atakuja kumwomba, kwa jina hilo, na Castagnac aje naye ajifunze kulitamka."

"Lormier hawezi kupanda ngazi zote hizi. Ana moyo mbovu."

"Basi apande polepole."

Lormier alikaa wiki nzima akisema hatakuja. Akamjaribu mtunzi mwingine wa maneno, kisha mwingine tena, na Darnaud akawarudishia karatasi zao wote wawili. Jumapili moja baada ya misa, majirani wa Mtaa wa Martyrs walimwona mkurugenzi wa Jumba la Madaraja Mawili ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, amevua kofia, anahema, na nyuma yake Castagnac anarudia kwa sauti ya chini, kama mtoto anayejifunza sala, "ni ya Bibi Vaissade na Bwana Courtadon, ni ya Bibi Vaissade na Bwana Courtadon." Philomène aliwasikia kutoka juu. Aliwafungulia mlango kabla hawajabisha, na kabla ya kuwapa viti alimwambia Castagnac aseme tena, safari hii kwa sauti yake yote.